Picha Nzima ya Mjomba Hamisi

Mwanangu Raya,

Salamu tutapeana kesho stesheni, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua chako na ya kumpigia simu mama mwenye nyumba kabla treni haijafika nimekwisha kuyasema mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia." Sasa umekwenda kuwaaga wenzako Mtaa wa Sikukuu, nami nimekaa ukumbini na karatasi hizi. Jua bado lipo. Leo nimerudi kazini mapema, na sababu yake utaijua ukisoma mpaka mwisho.

Unakwenda Dodoma kuripoti habari za siasa. Majirani wote wanasema umerithi kazi ya mama yako. Kila wakisema hivyo nacheka nao, halafu naingia chumbani moyo ukiniuma, kwa sababu hawajui ni kitu gani hicho unachokirithi. Na wewe hujui. Umekua ukiniona natoka na mkoba wangu asubuhi, ukidhani kazi ya mhariri msanifu ni kurekebisha herufi. Kazi yangu, miaka ishirini na mbili sasa, ni kupokea habari ya mwandishi, kuikata iingie kwenye nafasi yake, kuipa kichwa, na kuandika yale maneno machache chini ya picha. Maneno hayo ndiyo yanayosomwa. Wapita njia wa Kariakoo hawanunui gazeti. Wanasimama mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari, kisha wanakwenda zao wakiwa na hakika. Hakika hiyo nilikuwa naitengeneza mimi.

Nataka nikwambie nilivyommaliza mjomba wako.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Mjomba Hamisi haji kwetu siku ya Idi. Mwanzoni nilikujibu kwamba Kigamboni ni mbali. Uliponiambia kwamba Kigamboni ni kupanda feri tu pale Magogoni, nikakujibu kwamba ni mambo ya watu wazima. Bibi yako alipofariki, Hamisi alikuja akaingia kwa mlango wa uani, akakaa na wanaume, akazika, akaondoka. Ukaniuliza, "Mama, mbona Mjomba hakukupa mkono?" Nikakwambia huzuni imemzidi. Ulikuwa uongo, na nilikwambia uongo huo maiti ya mama yangu haijapoa kaburini.

Ili unielewe, lazima kwanza nikwambie habari za Bwana Ngwale. Wewe unamkumbuka kama yule mzee aliyekuletea kalamu za rangi. Alikuwa mhariri wetu mkuu. Ndiye aliyenipa kazi nikiwa sijui hata kuhesabu maneno ya safu moja. Baba yako alipofariki, Ngwale alileta gari la ofisi, akakaa mkekani na wafiwa mpaka siku ya tatu, akimenya karanga zake taratibu kama mtu wa nyumbani. Nilimpenda kama baba. Nakwambia hivyo ili usije ukadhani waovu wanajulikana kwa sura.

Hakuna siku aliyotuita akatuambia kuanzia leo tutawachafua wapinzani. Hakukuwa na amri ya maandishi. Kulikuwa na simu. Simu ikilia chumbani kwake, tulimwona kupitia kioo akisimama wima, akiitikia "ndiyo, mheshimiwa", akikaa tena. Halafu anatoka, anakuja nyuma ya kiti changu, anaomba nibadilishe neno moja. Siku ya kwanza lilikuwa neno "alisema". Kiongozi wa upinzani alisema maji hayatoki hospitali. Ngwale akaniambia niandike "alidai". Nikaona ana haki. Sisi hatukwenda hospitali kufungua bomba. Neno moja, na limetokana na uangalifu. Nikaandika.

Baada ya hapo sikuhitaji kuambiwa. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote, maana mimi lilinichukua miaka. Mkono ulijifunza wenyewe. Mkutano wao ukawa mkusanyiko. Umati wao ukawa baadhi ya watu. Wakitoka nje ya kikao, wamesusa. Wa upande wa pili wakitoka, wameonyesha msimamo. Wakipigwa, tuliandika kwamba vurugu zilizuka. Zilizuka zenyewe, kama mvua. Nilikuwa hodari, Raya. Vijana wa ofisini waliletwa mezani kwangu wajifunze.

Sasa Hamisi. Wakati huo alikuwa na duka la vipuri Gerezani, unalikumbuka, ulikuwa unakwenda kuchezea bolti kwenye ndoo. Kila mvua za masika mtaro wa pale ulifurika, maji machafu yanaingia madukani, na kila mwaka wanaahidiwa. Mwishowe wenzake wakamwambia agombee udiwani. Akagombea kupitia upinzani, kwa sababu huko ndiko walikompokea. Alikuja hapa hapa ukumbini kuniambia. Nilimwonya. Akacheka, akasema yeye anagombea mtaro, hagombei Ikulu.

Mkutano wake wa mwisho ulikuwa Mnazi Mmoja. Kibali walikuwa nacho. Watu walipokwisha kujaa, polisi wakaja kusema kibali kimefutwa. Hamisi bado alikuwa dukani akimalizia kazi ya mteja. Kijana mmoja akamkimbilia kumwambia huko kunaharibika, vijana wameanza kuokota mawe. Akatoka mbio kama alivyo, na ile spana ndefu ya kufungulia matairi mkononi. Alipofika alisimama kati ya vijana na polisi, akainua mikono yote miwili, akapaza sauti wakae chini. Wakakaa. Hakuna jiwe lililorushwa siku ile. Mkutano haukufanyika, watu walirudi makwao na miguu yao mizima, na hayo yote aliyafanya mtu mmoja mwenye mafuta ya gia mpaka viwikoni.

Najua hivyo kwa sababu nilikuwa na picha. Mpiga picha wetu alizileta jioni ile, picha kumi na kitu. Katika ile iliyo bora anaonekana Hamisi katikati, nyuma yake vijana wamekaa chini safu kwa safu, na mbele yake afisa wa polisi ameshusha ngao na anamsikiliza. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo hata sisi tutashindwa kumharibu mtu huyu.

Ngwale alikuja nyuma ya kiti changu. Alitazama kwa muda, akimenya karanga. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta yangu, akanionyesha pa kukata. Kata huku, polisi aondoke. Kata hapa chini, waliokaa waondoke. Alibaki Hamisi peke yake, mdomo wazi, mkono juu, na chuma.

Nilimwambia, "Bosi, huyu ni kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja."

Akanijibu kwa upole, nakumbuka upole wake kuliko maneno, "Najua, Mwanaidi. Ndiyo maana nataka uandike wewe. Kesho asitokee mtu kusema tunakulinda."

Nikaandika. Ningeweza kukwambia alinilazimisha, na kwa sehemu kubwa ingekuwa kweli. Lakini kuna neno moja hakunipa. Yeye alisema niandike "chuma". Mimi nikaona "chuma" halijakaa vizuri kwenye kichwa cha habari, halina nguvu, limebakiza nafasi. Nikaweka "silaha". Mgombea ashika silaha mbele ya polisi. Lilijaza safu vizuri. Ngwale alinipigapiga begani. Na nitakwambia aibu yangu yote: nilipopigwapigwa bega lile, nilijisikia vizuri.

Alfajiri walimchukua Hamisi nyumbani kwake. Alikaa ndani siku kumi na moja. Kila alipohojiwa aliwekewa gazeti letu mezani. Alipotoka, uchaguzi ulikuwa umekwisha. Mwenye duka akamtaka ahame, kwa kuwa hataki matatizo. Wateja wa ofisi za umma waliokuwa wakimletea magari wakaacha kuja. Mkewe akaenda kwao Tanga kupumzika, hakurudi. Mtaani wakampa jina, Hamisi Silaha. Fikiria mwanangu: neno nililolichagua kwa sababu linajaza nafasi likawa ndilo jina la kaka yangu.

Na wewe hukusalimika. Ulikuwa kidato cha pili. Kuna msichana alikuita mpwa wa Silaha, ukampiga, ukarudi nyumbani kola imechanika. Ulitaka nikutetee. Nilikupeleka kwa mwalimu mkuu ukaomba radhi, nikakwambia walikuwa wanakutania tu. Ulinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Ulikuwa unatetea damu yako, na mimi niliyemwaga damu hiyo nikakuadhibu. Naomba radhi kwa hilo. Nimechelewa, lakini naomba.

Hamisi alikuja kuniona mara moja tu, baada ya kutoka. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu. Hakutukana. Aliniuliza kama niliiona picha nzima. Ningesema sikuiona angeniamini, kwa sababu alitaka kuniamini. Nikasema niliiona. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka, akahamia Kigamboni ambako mpaka leo anatengeneza bodaboda.

Mimi nikabaki kazini. Watu wa hadithini wangeacha kazi siku ile ile. Mimi nilibaki miaka saba, na kilichonibakiza si ada yako peke yake, ingawa ndivyo nilivyojiambia. Nilibaki kwa sababu nilikuwa namngoja Ngwale.

Chuki, Raya, inaweza kumfanya mtu awe mfanyakazi mzuri sana. Sikuchelewa, sikuugua, sikubisha. Nilimwitikia Ngwale kwa tabasamu, nikimchemshia chai yake, na kila nikiikoroga nilijiambia, siku yako ipo. Alipostaafu nilimwandikia risala ya kumuaga, watu wakafuta machozi. Akaingia kwenye siasa kwa upande ule alioutumikia, akataka ubunge wa kwao. Wakamkata jina. Mtu aliyewatandikia zulia miaka yote ile wakamkata bila hata kumpigia simu. Akakasirika, akahamia upinzani, akaitisha mkutano na waandishi kwenye ukumbi mmoja hapa jirani na Mnazi Mmoja, kuzungumzia, usicheke, uhuru wa vyombo vya habari.

Mwandishi aliyetumwa ni binti wa umri wako. Alirudi na habari nzuri, ndefu, na picha kama kumi. Mhariri wetu wa sasa hakuisoma. Aliniambia tu niishughulikie kama kawaida, akaenda zake kwenye kikao.

Nilifunga mlango, ingawa hatuna desturi ya kufunga. Kila alichonifundisha yule mzee nilikiweka kwenye habari yake mwenyewe. "Alisema" zote zikawa "alidai". Nikaandika kwamba ni mwanasiasa aliyetemwa, ingawa hakutemwa, aliondoka. Kati ya picha zote nikachagua ile aliyofumba macho na mdomo umemwendea pembeni. Ukumbi ulikuwa umejaa upande wa kushoto na katikati, na upande wa kulia kulikuwa na viti vitupu safu mbili. Nikakata kushoto. Kichwa cha habari nikakiandika mara moja, bila kufikiri: Ngwale abwabwaja mbele ya viti vitupu.

Aya ya tisa ya habari ile niliifuta. Nitaieleza baada ya muda, kama ninavyostahili kuieleza, nikiwa sina pa kujificha.

Asubuhi alinipigia simu. Sauti ilikuwa imezeeka. Akaniuliza kama habari yake niliigusa mimi. Nikamwambia niliigusa mimi. Akasema kuna aya nimeiondoa. Nikamjibu kwamba nafasi haikutosha, jibu alilokuwa akiwapa waandishi wake wote. Akasema, "Haya. Umefuzu," akakata simu.

Siku ile nilikula mishikaki nimesimama barabarani, pilipili inanitiririsha machozi, nikicheka peke yangu. Sikwambii uongo kwamba kisasi ni kichungu. Kilikuwa kitamu kuliko chochote nilichowahi kula. Wakambandika majina mtandaoni, watoto wa mjini wakaigeuza picha ile kichekesho, na mimi nilivitazama vichekesho vyote, kimoja baada ya kingine. Jumamosi nikatia gazeti kwenye mkoba, nikapanda feri kwenda kwa kaka yangu. Nilitaka nimpelekee kichwa cha adui yake.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye pikipiki. Nikasema, "Shikamoo kaka." Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu mazishi. Akaitikia marahaba, akafuta mikono, akanipa kigoda. Nikatoa gazeti nikalifungua mbele yake, nikamwambia nimemlipia kisasi.

Hakulipokea. Aliingia ndani, akatoka na gazeti lile lile, la kwake, limekunjwa kwenye ukurasa ule ule.

"Nilinunua asubuhi ileile," akasema. "Nilikaa safu ya nne, upande wa kushoto. Nilikwenda kumsikiliza."

Nilikuwa nimeiona picha nzima kabla ya kuikata. Vichwa vingi, migongo, kofia. Sikuwa nimetafuta mtu. Sikutaka kuwe na mtu.

Akaendelea, taratibu, bila hasira, kama anaeleza ubovu wa injini. Alisema Ngwale alimtaja. Alisimama mbele ya ukumbi akasema miaka saba iliyopita alikata picha ya Hamisi, mgombea wa Gerezani, kwamba mtu yule alikuwa anawakalisha vijana chini, kwamba aliyefanya hivyo ni yeye, na kwamba anaomba radhi mbele ya watu. Hakunitaja mimi. Alijitaja peke yake.

"Nikalitafuta jina langu humu," Hamisi akasema. "Nikaanza ukurasa wa mbele mpaka wa michezo. Nikasema labda kesho. Nikanunua na kesho yake. Siku tatu nimenunua. Hukuliona lile neno, Mwanaidi? Halikuwemo kwenye alichoandika yule binti?"

Lilikuwemo. Ndiyo aya ya tisa. Niliisoma mara mbili, Raya, nikaifuta. Nilijiambia Ngwale anatafuta huruma ya wapiga kura, na mpaka leo naamini hivyo. Dhamira yake iliamka baada ya jina lake kukatwa, si siku moja kabla. Nisingempa heshima ya kutubu kwenye gazeti langu. Hasira yangu ilikuwa juu yake, ikanijaa macho, nisione kwamba aya ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Hamisi. Ilikuwa ndiyo kitu pekee alichokingoja miaka saba, na kilipofika, kilipitia mkononi kwangu.

Nikamwambia kaka yangu ukweli, kwamba niliisoma. Akalikunja gazeti lake, akalirudisha ndani, akatoka akapiga magoti tena kwenye ile pikipiki. Akaniambia niwahi feri.

Hayo yametokea wewe ukiwa kwenye mitihani yako ya mwisho chuoni. Ndiyo ile wiki uliyoniuliza kama naumwa.

Usidhani tangu hapo nimekuwa mtu wa kusamehe. Sijamsamehe Ngwale. Aliyenitia kisu mkononi na kunionyesha shingo ya ndugu yangu hawezi kunilipa kwa aya moja. Sijamsamehe mhariri wa sasa, ambaye hana hata dhambi ya kuchagua. Yeye anasema "kama kawaida" na kwenda kikaoni. Sijawasamehe wale wa kwenye simu, ambao sijawahi kuwaona sura, ambao walitaka tu wapinzani waonekane wahuni ili siku wakipotea mtu asiulize wamekwenda wapi. Sijajisamehe mimi. Lakini nimejifunza kwamba kisasi changu cha kwanza kilikuwa cha kitumwa. Nilimpiga bwana wangu kwa fimbo yake, kwa niaba ya mabwana zake, na waliofurahi zaidi siku ile ni haohao wa kwenye simu. Niliwafanyia kazi bure, tena kwa hamu.

Kwa hiyo nikaanza upya. Yule mpiga picha amestaafu, lakini hajatupa kitu. Alinipa picha zote kumi na kitu za Mnazi Mmoja, na habari ya yule binti ninayo kama alivyoiandika. Nikamwandikia Hamisi ujumbe mfupi kuomba ruhusa ya kuitoa picha nzima. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akaandika: "Itoe. Weka na jina lako." Nilisoma maneno hayo nikajua kwamba naye anataka kisasi, na kwamba anakitaka kwangu, na ana haki nacho.

Ukurasa wa barua za wasomaji ni wangu. Hufungwa mapema kabla ya kurasa za habari, na baada yangu hakuna anayeusoma mpaka uchapwe. Leo mchana nimeziondoa barua zote. Nimeweka picha ya Hamisi katikati, nzima, na vijana waliokaa, na afisa aliyeshusha ngao. Chini yake nimeandika spana kuwa spana. Nimeieleza ile simu, kile kidole kwenye kioo, neno "silaha" lilikotoka na kwa nini. Aya ya tisa nimeiweka kama ilivyokuwa, na jina la Ngwale ndani yake, kwa alilofanya na kwa alilokiri. Nimetia sahihi jina langu kamili na kazi yangu. Saa tisa na nusu nimeutuma kiwandani, nikachukua mkoba nikaja nyumbani.

Kesho utakapokuwa umepita Morogoro, simu zitakuwa zinalia ofisini. Nitafukuzwa, hilo si la kubahatisha. Huenda nikaitwa kuhojiwa. Huenda gazeti likapewa adhabu, na wapo wenzangu wasio na kosa watakaoumia. Nimelifikiria hilo, na bado nimeutuma ukurasa. Mhariri atasema mama yule alichanganyikiwa. Ngwale atausoma akiwa na karanga zake, ataona jinsi alivyo, bila macho yaliyofumbwa na bila viti vitupu. Wala siwatakii kifo, wote hao. Nataka wasome.

Nilitaka kungoja wewe uzoee kazi kwanza, nikaona nikingoja nitazeeka nikingoja. Najua nakuanzishia safari kwa moto. Watakuuliza huko kama wewe ni binti wa yule mwanamke. Jibu utakalotoa ni lako. Sitakuuliza ulijibu nini.

Nina ombi moja tu. Habari yangu itafika mezani kwako, kesho au keshokutwa, maana haya ndiyo utakayokuwa unayaripoti. Itafika ikiwa imekwisha kupewa jina: mhariri mhuni, kibaraka, mgonjwa wa akili, mpinzani aliyejificha. Huenda bosi wako, mtu mpole sana, akaja nyuma ya kiti chako. Usiikimbie habari hiyo wala usiombe apewe mwingine. Kaa nayo, uisome, uwaulize wanaonituhumu, uandike wanachosema. Halafu unipigie na mimi. Usiniite mama kwenye simu hiyo. Niulize kama unavyomuuliza mtu usiyemjua, na nikijibu kwa kujihurumia, niulize tena.

Nitapokea, saa yoyote.

Aliyekuzaa,
Mwanaidi